Plasta Inabana

6 Februari

Mama mpendwa,

Dai langu nalitanguliza, nami nitalitetea hadi mwisho: hospitali iliyokuharibia mkono inawajibika kukulipa fidia, na pole yoyote itakayokuja bila fidia ni kelele tu. Anayeipokea pole ya bure anawafundisha waliomuumiza kwamba kuumiza watu hakuna gharama. Hilo ndilo dai. Yanayofuata ni uthibitisho.

Nitaanza na mambo yasiyobishaniwa. Uliteleza kwenye ngazi za soko zilizolowa, ukavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Daktari wa mifupa akakufunga plasta. Kesho yake ulirudi ukasema inabana, ukaambiwa uvumilie. Ukarudi tena, vidole vimevimba na kubadilika rangi, ukaambiwa plasta zote hubana. Ilipokuja kukatwa, vidole vilikuwa vimeshakunjamana, na fundi cherehani aliyeuvisha mtaa mzima leo hawezi kushika sindano. Hakuna hata sentensi moja hapo inayohitaji kutiwa chumvi.

Najua utasema korti ni mahali pa watu wenye nafasi na muda wa kupoteza. Nimesoma waliotetea msamaha na waliotetea adhabu, wa zamani na wa sasa, na sijakuta hata mmoja aliyeeleza kwa nini hasara ya kosa la mtu aibebe aliyekosewa. Wakili mkuu wa ofisi hii, ninayejifunza kazi chini yake, amesoma vyeti vyako vya matibabu. Anasema kesi ipo. Kinachosubiriwa ni sahihi yako, kwa mkono wowote unaoweza.

Nisalimie dada.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Naijibu shikamoo ambayo hukuniandikia, labda ilidondoka njiani. Sisi huku wazima, ukiacha mkono, na huo unaujua. Wewe unakula? Dada yako ameniwekea picha yako mbele ya macho nikaona shingo inacheza ndani ya kola. Hiyo kola nimeishona mimi, na nilipoishona ilikuwa na shingo ndani yake.

Naandika mwenyewe kwa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Usinijibu kwa simu. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza, lakini barua huwezi kuikatiza.

Dai lako nimelisoma. Limenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Mimi sina dai, baba, mimi nina swali. Nilipomwambia yule daktari plasta inabana, kwa nini hakuikata? Mkasi wake ulikuwa pale mezani. Mimi mtu wa mikasi, siwezi kuingia chumba chenye mkasi nisiuone. Ule mkubwa, wa mdomo uliopinda. Angenyoosha mkono tu.

Swali hilo ninalala nalo na kuamka nalo. Kama korti itanijibia, nitaweka sahihi. Kama haiwezi, niambie sasa hivi, nimechoka kupandishwa ngazi bure.

Jirani yetu nesi, yule wa wodi ya mifupa, alikuja na mfuko wa matunda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akautazama mkono wangu mpaka macho yakamjaa machozi, akaaga. Hata maji hakunywa.

Mama yako

5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekanywa, na nimestahili. Naam, ninakula.

Swali lako litajibiwa. Korti ndiyo nyumba pekee ambamo daktari hana hiari ya kunyamaza: ataapishwa, atasimama mbele yako, na ataeleza. Niamini katika hili hata kama huniamini katika mengine yote. Niliposoma sentensi ile ya mkasi kwa sauti hapa ofisini, karani wetu, ambaye hucheka hata misibani, aliweka kalamu chini.

Maagizo ni machache. Usizungumze habari za kesi na mtu yeyote wa hospitali. Nesi jirani ni mtu wa hospitali. Usipokee matunda yake, kwa kuwa kesho yataitwa suluhu. Ukikutana naye, salamu inatosha. Najua ni jirani, najua sare zake umemshonea wewe tangu alipoajiriwa. Lakini mpaka hukumu itolewe, yeye yuko upande mmoja wa meza nawe uko wa pili.

Karatasi za kutia sahihi zimo ndani ya bahasha hii.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imepungua, na dada yako mafua yamemwachia. Mgongo wako vipi, na hivyo viti vya ofisi?

Sahihi niliweka. Nesi nimemwambia kwamba mwanangu wakili amekataza. Akasema anaelewa. Siku hizi tumebaki kusalimiana kwa nyusi, yeye akivuka barabara nami nikijifanya natafuta kitu mlangoni.

Sasa nina habari, kaa vizuri. Nashona. Usiruke, nasema nashona, sisemi nashona vizuri. Nimeigeuza meza, nakaa upande, kitambaa nakisukuma kwa kushoto, na ule mkono uliokufa naulaza juu yake kama jiwe la kuzuia karatasi isipeperuke. Mguu haukuvunjika, pedali inaijua kazi yake. Nimemaliza foronya. Mshono unayumba kama mlevi anayetafuta kwao, lakini umefika mwisho. Halafu nikashona pazia la jirani mwingine, nalo likakubali kuning'inia. Dada yako alicheka, mimi nikacheka, ikawa mara ya kwanza nyumba hii kusikika kicheko tangu ngazi zile.

Nilitaka ujue wewe kwanza.

Mama yako

29 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi, na furaha hiyo naiweka kando nizungumze kama mtu wa sheria.

Fidia hupimwa kwa kilichopotea. Hati yetu ya madai inasema kwamba mkono wako haufanyi kazi tena na kwamba ufundi wako umekwisha. Wakati huohuo wewe unakaa mbele ya dirisha lililo wazi, barabarani, ukishona mapazia. Wakili wa hospitali anahitaji mtu mmoja mwenye simu na dakika moja ya kusimama kama mteja. Picha ile itawekwa mbele ya jaji, na hakuna atakayeuliza mshono ulikuwa umenyooka au umepinda. Ataona mshonaji anashona.

Sikuombi useme uongo. Uongo sitauandika wala sitaulinda. Nakuomba usifanye jambo, na kutofanya si kusema. Funika cherehani mpaka shauri limalizike. Wateja waambie wasubiri. Ni kipindi tu, na kila kipindi kina mwisho wake. Vumilia, Mama. Tukishinda, utashona hata kwa kidole kimoja na hakuna atakayekuuliza.

Nijibu upesi kwamba umeelewa.

Mwanao

11 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri wewe na dada. Mimi mzima, mgongo unauma kidogo.

Sijapata jibu la barua yangu ya Aprili. Dada ananiambia hujaugua, bali huna la kuandika. Wewe kukosa la kuandika ni jambo ambalo sijawahi kulishuhudia, na linanitia wasiwasi kuliko hoja zote za upande wa pili.

Shauri litasikilizwa mwezi Septemba. Nitakupokea stendi mwenyewe.

Mwanao

25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Nimeifunika kwa lile shuka la maua. Imekaa pale kama mtu anayeumwa. Wateja wamehamia kwa fundi wa kona ya pili, yule anayesahau matundu ya vifungo. Nakaa mlangoni, napokea pole za wapita njia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kujua, sasa naona umesahau.

Septemba nitakuja. Nina swali langu.

Mama yako

2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, kama utanisalimia. Nilifika salama. Najua nilikuacha pale nje ya korti na vikombe viwili vya chai mkononi. Gari lilikuwa linaondoka, na hata kama lisingekuwa linaondoka, ningeondoka.

Nakuandikia yaliyotokea kama nilivyoyaona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umeangalia karatasi.

Yule wakili wa hospitali hakuwa mkali. Mtu wa sauti ya chini, kama anayeuliza bei. Akaniambia, "Mama, tangu uumie, umejaribu kufanya kazi yako?" Nikasema nilijaribu. "Ukaweza?" Nikasema niliweza foronya na pazia moja, pazia si zuri sana. "Sasa ukaachia wapi, mama?" Nikamwambia sikuachia, niliambiwa niifunike cherehani mpaka kesi iishe. "Uliambiwa na nani?" Nilikuwa nimeapa, baba. Nikasema, na mwanangu. "Mwanao yupo hapa?" Nikasema yule pale, mwenye tai iliyoenda upande. Watu wakacheka. Nawe ukaishika tai. Jaji hakucheka, aliandika, na nilimwona wakili wenu mkuu akifumba macho kama mtu aliyemeza kitu cha moto.

Sawa. Hilo nimelipitisha. Lililonikaa hapa kooni ni la pili.

Daktari alikuwa kwenye benchi la dirishani. Nikamgeukia nikamuuliza. Nilimwita "daktari wangu", sikumtukana. Nikasema, daktari wangu, nilipokuambia inabana, kwa nini hukuikata? Akafungua mdomo. Nakuapia alifungua mdomo. Wakili wake akasimama, na jaji akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, shahidi haulizi. Shahidi anaulizwa." Basi mdomo ukafungwa.

Nikasema si neno, atakapopanda kizimbani yeye, watu wangu watamuuliza. Alipopanda, wakili wenu mkuu alimshikilia kwa maswali ya mishipa, na damu, na vitabu vinasema nini. Langu hakuuliza. Nikakutazama wewe. Ulikuwa unampa karatasi nyingine.

Ulijua kwamba shahidi haulizi? Ulijua Machi, uliponiambia niweke sahihi?

Na hili ndilo la mwisho, mkono umechoka. Sasa nina maswali mawili, moja ni lako. Nilipokuandikia kwamba nashona, kwa nini hukunisikia? Ulinijibu nivumilie. Nilisoma neno hilo nikaiweka barua chini. Nilishaambiwa hivyohivyo hospitali, na plasta mkononi.

Mama yako

1 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Matoleo ya kwanza yalikuwa na hoja nzuri.

Nianze na swali rahisi. Wakili hamuulizi shahidi wa upande wa pili "kwa nini" asipojua jibu, kwa sababu jibu linaweza kuibomoa kesi. Isitoshe, sheria haihitaji sababu. Inahitaji kujua alipaswa kufanya nini, kama alikifanya, na nini kilitokea asipofanya. Sababu ya moyoni inabaki kuwa mali yake. Nilijua hayo Machi. Nilitumaini kwamba maswali yetu, yakikaa pamoja, yangefanana na jibu. Nilipokuahidi, niliahidi kitu ambacho korti haiuzi.

Lile la cherehani ni baya zaidi. Wakili mkuu hakunigombeza. Alivua miwani akasema kwamba sheria inamtaka aliyeumizwa ajitahidi kupunguza hasara yake kadiri awezavyo, na kwamba mama aliyejifunza kushona upya kwa mkono wa kushoto ndiye shahidi ambaye kila wakili humwota. Ile foronya yenye mshono wa mlevi ndiyo ingekuwa kielelezo chetu kikuu. Ingewekwa mezani kwa jaji aishike. Mimi nilikuambia uifiche chini ya shuka la maua. Na kanuni hiyo si ngeni kwangu. Niliiandikia mtihani chuoni, nikasifiwa.

Kwa hiyo swali lako lina uzito wake wote. Sikukosa elimu. Sikukosa hata upendo, ingawa si mimi wa kukitoa cheti hicho. Ulinipa habari iliyokuwa ndani ya vidole vyako, nami nikaisoma kama kizuizi cha hoja yangu. Sikukusikia kwa sababu niliamini najua zaidi yako. Ndilo jibu. Nimelitafutia sura nzuri zaidi, halina.

Sasa kuna jambo la kuamua, nami safari hii sikushauri, nakueleza tu. Hospitali imeleta pendekezo la kumaliza shauri nje ya korti. Fidia wanayotaja ni kubwa kuliko tutakayopewa na jaji baada ya yaliyosemwa Septemba. Masharti ni mawili: hawakubali kwamba kuna kosa, nawe hutazungumza habari za mkono wako na mtu yeyote, popote, maisha yako yote. Wakili mkuu angependa ukubali. Ukikubali, nitaelewa. Ukikataa, nitaelewa pia.

Mwanao

16 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mvua imerudi. Jibu lako nimelipata. Nililisoma nikaenda kuosha vyombo, nikarudi nikalisoma tena. Limetosha. Usinirudie na mengine juu yake, utaliharibu.

Umeona lakini? Jibu halikuchukua hata mstari mzima. Na wewe hujafa.

Hilo pendekezo, hapana. Mkono wangu umeshanyamaza, sasa wanataka na mdomo. Nitakaa vipi na wateja nisiseme kwa nini mshono umepinda? Mwambie wakili mkuu namheshimu, na asante, na hapana. Jaji atoe atakachotoa. Siwezi kulala na swali halafu nilipwe ili nilifunike shuka.

Shuka la maua nimelitoa, sasa liko kitandani, ndipo mahali pake. Mkono wa kushoto umenuna kidogo kwa kuachwa, lakini tunaongea.

Nesi alikuja na sare yake ipunguzwe pindo. Sikumfukuza, na usinikataze. Alisimama nikimpima, akaniambia, "Pole, mama." Hakuongeza kitu. Wewe uliandika kwamba pole bila fidia ni kelele. Hii haikuwa kelele, niliisikia vizuri. Ila haikuwa jibu nayo, maana mkasi haukuwa wake.

Mimi si wa kuandikia wakubwa. Mistari yangu inapanda mlima. Wewe ndiye uliyesoma. Kama korti haina mahali pa kuuliza, utafute mahali penye mahali. Na usianze bila kusalimia.

Mama yako

9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mkono wa kushoto uwe umeacha kununa. Hukumu dada ameshakusomea. Naiandika tena ili uwe nayo: hospitali imepatikana na uzembe. Utalipwa fidia ya maumivu na ya matibabu. Fidia ya kipato imepunguzwa sana, kwa kuwa mdai hakujitahidi kuendelea na kazi ilhali aliweza. Sentensi hiyo ina jina langu, ingawa jaji kwa huruma hakuliandika. Kuhusu kwa nini, kurasa zote hazina neno.

Nimetafuta mahali penye mahali. Mhariri wa gazeti amekubali kutoa ukurasa mmoja kwa barua, na uleule kwa jibu likija. Wakili mkuu amesema nafanya hivyo kwa jina langu, si la ofisi. Amesema vilevile, akiwa mlangoni, kwamba atainunua nakala.

Nakuletea barua yenyewe kabla haijatoka. Ukisema hapana, haitatoka. Ukitaka neno libadilike, litabadilika, na sitabishana.

Mwanao

*

Kwa daktari wa mifupa aliyeifunga ile plasta, na kwa wakuu wa hospitali yake,

Habari za kazi. Tunatumaini mu wazima nyote, na familia zenu, na kwamba mikono yenu yote miwili inaamka nanyi asubuhi.

Natetea dai moja. Niliwahi kuandika kwamba pole bila fidia ni kelele. Leo nasema kwamba fidia bila jibu ni bahasha tu: humfikia aliyeumizwa, lakini haimwambii kitu. Korti imeshaamua kwamba lilikuwa kosa, nanyi mtalilipia. Silipingi hilo wala siombi kuongezewa. Lakini mama yangu ni fundi cherehani. Alikuja kwenu mara mbili akasema maneno mawili, plasta inabana. Mkasi ulikuwa mezani, aliuona. Aliuliza swali lake kortini akaambiwa si zamu yake kuuliza. Alitakiwa auze swali hilo pamoja na mkono, akakataa, na kukataa huko kumempunguzia mengi. Tangu hapo amerudi kwenye cherehani yake, anashona kwa kushoto, taratibu, na kila mteja anayeuliza anaambiwa ukweli.

Simlaumu daktari kutoka mbali. Mimi pia mama aliniambia jambo lililokuwa ndani ya vidole vyake, nami nikamwambia avumilie. Aliponiuliza kwa nini, nilimjibu: niliamini najua zaidi yake. Ilikuwa aibu, na niko hai. Sijui kama jibu lako, daktari, linafanana na langu, au ulikuwa umechoka, au foleni ilikuwa ndefu, au kuna mtu aliyekukataza. Lolote lile, analiweza. Asiloliweza ni kutolijua.

Siku ile kortini ulifungua mdomo. Aliuona ukifunguka, na hajausahau. Sasa hakuna wakili wa kusimama mbele yako wala jaji wa kukuzuia. Basi tunalirudisha swali lake kama alivyolisema yeye: daktari wangu, nilipokuambia inabana, kwa nini hukuikata? Tunadai ujibu hadharani, katika ukurasa huuhuu, kwa jina lako mwenyewe, nawe usianze bila kumsalimia.

Mwana wa fundi cherehani